Nyumba Nzima Juu ya Betri Moja

Uamuzi wa kuiweka nyumba nzima juu ya betri moja ulikuwa kosa tangu bisibisi ilipogusa boksi la breka. Nyumba yenyewe iko Bwejuu, Unguja, kwenye barabara iendayo Michamvi: paneli za kilowati 3 juu ya bati, inveta ya kVA 5, betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100. Kazi ya juu ya paa haina lawama. Fremu za alumini, skrubu zisizoshika kutu, waya mnene, erthi imezikwa inavyotakiwa.

Tuje kwenye waya. Boksi lilikuwa na breka nane. Fundi alitakiwa aweke boksi dogo la pili pembeni, ahamishie huko taa, feni, friji na ruta, kisha aliunganishe na upande wa dharura wa inveta. Kiyoyozi, friza, hita ya maji na pampu ya presha zingebaki kwenye umeme wa gridi, wa mita ya Tukuza, umeme ukizimika nazo zizimike. Ni kazi ya mchana mmoja. Yeye aliung'oa waya mkuu unaolisha boksi zima, akauingiza kwenye matokeo ya inveta, akakaza skrubu, akakusanya vifaa vyake. Mwenye nyumba akafurahi, maana kila swichi aliyobonyeza iliwaka. Kwangu mimi furaha ile ndiyo iliyomponza: hakuna aliyemuuliza kitu gani kinaweza kukosekana usiku mmoja, na bila swali hilo hakuna mpango wa dharura.

Hesabu yake ni nyepesi. Betri ile hubeba kilowati-saa 5 na ushee. Taa sita za wati 9 kwa saa tano, feni mbili za wati 50 mpaka alfajiri, friji na ruta: vyote pamoja havifiki kilowati-saa 2. Kwa matumizi hayo betri inaivusha nyumba usiku wa kwanza na wa pili hata mawingu yakitanda kutwa. Kiyoyozi kimoja cha chumbani kinaweza kuimaliza peke yake kabla ya adhana ya alfajiri. Na pampu ya presha ya wati 750 huamka kila bomba linapofunguliwa, na kila inapoamka huvuta mara kadhaa ya wati hizo.

Betri ilipoonekana inaisha haraka, kosa la kwanza likazaa la pili. Fundi aliingia kwenye mipangilio ya inveta akashusha kikomo cha kukata hadi asilimia 5, apate dakika chache zaidi. Umeme ulipozimika saa moja usiku, nyumba ikaendelea na mambo yake, kiyoyozi kikinguruma. Kabla ya saa sita betri ikajifungia yenyewe. Asubuhi jua likatoka baharini, paneli zikajaa nuru, inveta kimya. Aina ile haiamki mpaka ipate nguvu kidogo kutoka kwenye betri, na kidogo hicho ndicho kilichokuwa kimeliwa na kiyoyozi. Ikabidi iletwe jenereta kutoka Paje kuja kuuamsha mtambo wa jua, saa nne ya mchana, kweupe. Hilo sioni namna ya kulitetea.

Na sisi watu wa Unguja hatuna udhuru. Kwa zaidi ya miaka 30 kisiwa kilitegemea waya mmoja wa baharini, megawati 45, uliowekwa 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei 2008 umeme ulitutoka kwa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukatutoka tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Aliyeishi miezi ile anajua kuwa taa haikuwa shida kubwa, karabai zilikuwapo. Shida ilikuwa maji, kwa sababu pampu za visima zilisimama na mji ukashika ndoo. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013, na tangu hapo mafundi wanapanga dharura kana kwamba umeme hukatika kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Nimelipigia kelele jambo hili na sitaacha: maji yawekwe kama maji, si kama umeme. Tangi la lita 1,000 juu ya jukwaa la zege, pampu ipandishe saa sita mchana jua likiwa kali, usiku maji yashuke yenyewe. Waliokuwa na matangi ya juu 2010 walikuwa wakipata jenereta ya kuazima kwa saa moja, wanajaza, na siku kadhaa nyumba ina maji. Pampu ya presha ni fasheni ya nyumba za wageni, na wauzaji wanaitia ndani ya kifurushi kimoja na inveta. Haohao huandika kVA kwa herufi kubwa na kilowati-saa kwa herufi ndogo, ilhali kVA inakwambia vitu vingapi viwake kwa pamoja, haikwambii vitawaka mpaka lini.

Kina mama waliofunzwa umeme wa jua pale Kinyasini, kwenye kituo cha Barefoot College, wengine hawakupata skuli ya kutosha. Lakini walifunzwa kufunga taa chache na chaji ya simu kwenye nyumba ya kijiji, kila wati ikijulikana kazi yake. Ningewapa wao boksi lile la Bwejuu.

Nyumba bado inarekebishika. Boksi dogo la breka nne, kikomo kirudi asilimia 20, pampu ihamie mchana. Jenereta ikiwapo, ipite kwenye swichi ya kubadilisha yenye nafasi tatu, isije ikarudisha umeme kwenye nguzo ikamuua fundi wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, aliyepanda kurekebisha. Halafu, kabla malipo ya mwisho hayajatoka, breka kuu izimwe saa moja usiku, watu walale kama kawaida, na alfajiri fundi asome mbele ya mwenye nyumba asilimia iliyobaki.