"L'Amour de l'or": filamu ya hazina isiyojua mchanga

Filamu hii ya 2008, ambayo Wamarekani wanaiita Fool's Gold, bado inapita kwa simu za vijana wetu. Miye niko na neno moja juu yake. Imechukua historia ya kweli, ikaondoa kazi, ikabakiza bahati tu. Kwa nchi ya wachimbaji sawa yetu, uongo ule haiko mdogo.

Hadithi ni nyepesi. Finn (Matthew McConaughey) na Tess (Kate Hudson) wanaachana, lakini hazina ya Wahispania inawarudisha pamoja. Boti ya Finn inazama mwanzoni, tajiri mmoja (Donald Sutherland) anawapokea kwa meli yake ya anasa, na dalili moja inawapeleka kwa ingine mpaka kwenye pango. Mwongozaji Andy Tennant anajua kuchekesha. Ugomvi wa bibi na bwana njo sehemu nzuri kuliko zote, na sikatai kama nilicheka.

Historia yenyewe ni hii: usiku wa kuamkia 31 Julai 1715, kimbunga kilitupa meli 11 zilizotoka Havana kwenye pwani ya mashariki ya Florida, zikiwa zimebeba fedha na dhahabu ya mfalme wa Uhispania. Ya kumi na mbili, Griffon ya Wafaransa, ilipona peke yake. Filamu inaitaja misiba ile ya 1715. Shida inaanza pale inapoonyesha namna ya kutafuta.

Kwenye pwani ile, karibu na mji wa Sebastian, mkubwa wa kazi ni mchanga. Wakati wa baridi upepo mkali wa kaskazini-mashariki unaleta mawimbi marefu yanayofuatana haraka. Yanakata pwani kama jembe, yanavuta mchanga kuupeleka baharini. Hapo tu njo sarafu zinakaribia juu. Bahari ikitulia, mawimbi ya polepole yanarudisha mchanga, na siku chache tu nafasi imefungwa. Tena, serikali za mitaa zinamwaga mchanga mpya ili kulinda nyumba za pwani, na hazina inazidi kuenda chini. Mtu anaweza kuwa na mashine nzuri, akatembea mwezi mzima, akaokota vifuniko vya chupa.

Hata mashine iko na mipaka. Mchanga uliolowa maji ya chumvi unapitisha umeme, kwa hiyo mashine za kawaida zinalia bure. Kuna zingine zinazovumilia chumvi, lakini hazitofautishi vizuri chuma na fedha. Unachimba kila msumari. Na sarafu ya fedha iliyokaa baharini miaka 300 haing'ari. Imekuwa nyeusi, mara nyingi imeshikamana na zingine kama jiwe. Katika filamu, yote hayo hayapo.

Munaweza kuniambia: filamu ya kuchekesha haiwezi kuonyesha mtu anangojea upepo. Mbona ukweli wenyewe ulikuwa na utamu? Kisha vita ya pili ya dunia, mjenzi wa nyumba Kip Wagner alikuwa anaokota sarafu kwenye pwani ile. Akaona kama hakuna hata moja iliyopita mwaka 1715. Rafiki yake, daktari Kip Kelso, akaenda kusoma vitabu Washington, akakuta ramani katika kitabu cha Bernard Romans cha 1775 inayoonyesha mahali meli zilipopotelea. Mashine ya bei ndogo, kitabu cha zamani, na miaka ya subira. Sisi wenye diplome tungefurahia kuona hiyo.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Katika filamu hii mtu mweusi mwenye nafasi kubwa ni Bigg Bunny (Kevin Hart), mwimba rap na jambazi, pamoja na watumishi wake wenye bunduki. Weupe wanatafuta, weusi wanataka kunyang'anya. Lakini kisha kimbunga, Wahispania walipotaka kuokoa mali yao, walishusha wapiga mbizi wenyeji wa Amerika chini ya maji. Na aliyekuja kushambulia kambi yao ili aibe alikuwa Henry Jennings, Mwingereza kutoka Jamaika. Filamu imegeuza sura za watu.

Tena fedha ile haikuzaliwa baharini. Ilitoka kwa migodi ya Meksiko na ya milki ya Peru. Kule Potosí wenyeji walilazimishwa kushuka shimoni kwa zamu. Mtu wa Kolwezi anaelewa hiyo bila mwalimu. Filamu inaanza hesabu siku meli ilipozama, ili tusiulize nani alichimba.

Basi muitazame, mucheke. Lakini mdogo wako akimaliza na kusema anataka kununua mashine ili atajirike, umuelezee juu ya mchanga. Na wale walioiona: je, muliona mahali pamoja ambapo mtu anafanya kazi mpaka anachoka? Muandike hapa chini.