Upara, Kovu na "Dawa za Kibiolojia"

Istilahi ya tiba hupimwa pale inapomfikia mgonjwa. Hapa tunachunguza maneno matatu ya magonjwa ya ngozi, tukiwafikiria wasomaji wa Kasulu na Kibondo, ambako wengi hulelewa kwa Kiha na kujifunza Kiswahili baadaye.

La kwanza ni "pumu ya ngozi", ambalo wengine hulitumia kwa soriasisi. Matumizi hayo hayafai, maana neno hilo limekwisha kuzoeleka kwa ekzema. Katika soriasisi, kinga ya mwili huichochea ngozi kujijenga upesi mno, yakatokea mabaka yenye magamba, wala haiambukizi. Neno "soriasisi" na likubaliwe, pamoja na maelezo yake.

La pili ni "upara". Soriasisi ya kichwa ikinyonyoa nywele, kwa kawaida huota tena. Lakini yako maradhi mengine, kama lupasi ya ngozi, yanayoharibu mashina ya nywele na kuacha kovu. Hapo nywele haziroti tena. Mgonjwa mmoja aweza kuwa na yote mawili. Barua ya rufaa isemayo "upara" tu humficha daktari jambo kubwa, kwa kuwa baadhi ya dawa mpya za soriasisi zaweza kuzusha lupasi. Mgonjwa naye, akitazamia nywele ziote juu ya kovu, huenda akaiacha dawa iliyokwisha kuyatuliza magamba yake. Tunapendekeza "upara wa kovu" na "upara usio na kovu": maneno mafupi, ya Kiswahili chenyewe.

La tatu, nalo ndilo baya zaidi, ni "dawa za kibiolojia". Msomaji mmoja atakumbuka silaha za kibiolojia. Mwingine atadhani ni mitishamba. Wote wawili wamepotoshwa. Dawa hizi ni protini zinazotengenezwa ndani ya chembehai, na hutolewa kwa sindano ili kuzuia sehemu fulani ya kinga ya mwili. Mojawapo ni adalimumab, iliyoidhinishwa Marekani kwa soriasisi mwaka 2008. Kwa kuwa dawa ya namna hiyo yaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, mgonjwa hupimwa kwanza. Anayedhani anapewa mitishamba ataona kipimo hicho ni usumbufu mtupu. "Dawa zitokanazo na chembehai" ni istilahi ndefu, lakini haidanganyi.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa wilaya hizo wayajaribu maneno haya mbele ya watu. Kama Kiha kina neno lililo bora kwa upara wa kovu, na liletwe lipimwe, kwani ni desturi yetu kutafuta katika lugha za Kibantu kabla ya kwenda ng'ambo. Neno litakaloshindwa kueleweka liachwe, hata kama tumelipendekeza sisi.