Klara na Kiti Chake

Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndivyo walivyosema wahenga. Methali hii humwonya mzazi. Ni nadra kuulizwa mtoto mwenyewe hupatwa na nini. Swali hilo limepata jibu la kufikirisha katika Heidi, hadithi ya picha zilizochorwa iliyoongozwa na Isao Takahata wa Japani, ikaonyeshwa katika televisheni ya nchi hiyo mwaka 1974 kwa sehemu 52. Asili yake ni kitabu cha Johanna Spyri wa Uswisi, kilichotoka kwa mafungu mawili, 1880 na 1881.

Klara ni binti wa tajiri wa Frankfurt. Hana mama, baba yake yu safarini mara nyingi, na miguu yake haina nguvu. Nyumbani hakosi kitu ila nafasi ya kujaribu: akitaka kitu huletewa, akitaka kwenda husukumwa, na msimamizi wake, Bi. Rottenmeier, huona hatari katika kila jambo geni. Hata hivyo Klara si mtoto mwovu. Ni mpole, mwenye shukrani, na woga wake umefumwa kwa wema wa wengine. Hapo ndipo penye uzito: ukali hupata wa kuupinga, lakini wema wa namna hii haupati.

Tofauti kubwa na kitabu yaonekana mlimani kwa Heidi. Kitabuni, Peter mchungaji hukisukuma kiti cha Klara kwa wivu, kikavunjika mtelemkoni. Katika picha, Klara mwenyewe, akiwa amechoshwa na mazoezi ya kusimama, hukiendea kiti kilichokuwa kimewekwa kando. Kikamponyoka, kikabingirika na kuvunjika. Badiliko ni dogo kwa tendo, kubwa kwa maana. Adui ametolewa nje akatiwa moyoni. Klara hana wa kumlaumu. Amekutana na tamaa yake ya kurudi alikotoka.

Lakini badiliko hilo hilo lina madhara yake. Mtazamaji aweza kudhani kwamba ulemavu ni upungufu wa ushujaa, na kwamba aketiye kitini hajataka kusimama kwa dhati. Mtoto mwenye maradhi yasiyopona akiitazama, huenda akajiona mwenye hatia kwa jambo asilolitenda. Mbegu ya kosa hili ilikuwamo kitabuni; Takahata, kwa kuuhamishia mgogoro moyoni, ameikuza.

Kwa hiyo ukomavu wa Klara usitafutwe miguuni. Wapatikana mapema zaidi, siku anapomsomea kitabu bibi yake Peter, mzee asiyeona, akafurahi kuwa naye amemfaa mtu. Siku hiyo bado yu kitini. Aliyezoea kupewa ametoa, na mtoto akaanza kuwa mtu mzima kabla ya kupiga hatua hata moja.