Mara 28 kwenye kitufe cha kufutia: jinsi nywila ya GRUB ilivyopitwa

Desemba 2015, watafiti wawili wa chuo kikuu cha ufundi cha Valencia, Hispania, Hector Marco na Ismael Ripoll, walitangaza kwamba nywila inayolinda uwashaji wa kompyuta nyingi za Linux inaweza kupitwa bila kukisiwa wala kuvunjwa. GRUB, programu inayoipakia Linux kompyuta ikiwashwa, inauliza jina la mtumiaji. Huandiki kitu. Unabonyeza Backspace mara 28, kisha Enter. Kwenye mashine yenye udhaifu huo, ama kompyuta inajizima na kuwaka upya, ama unatua kwenye mstari wa amri za dharura, ule unaoanza na grub rescue. Tangu hapo hakuna anayekuuliza wewe ni nani.

Nywila hiyo huwekwa kwa sababu ya msingi. Kompyuta ikiwashwa, programu iliyo kwenye ubao mama (BIOS au UEFI) huikabidhi GRUB kazi, nayo GRUB huipakia kerneli, kiini cha mfumo endeshi, kwenye kumbukumbu na kuipa maelekezo. Kwenye menyu yake, ukibonyeza herufi e unaweza kuyahariri maelekezo hayo. Nenda mwisho wa mstari unaoanza na neno linux, ongeza init=/bin/bash, bonyeza Ctrl na x, na kerneli itakukabidhi mamlaka yote ya msimamizi bila nywila yoyote. Mafundi huitumia njia hii kumwokoa mteja aliyesahau nywila yake. Mwizi naye anaijua, na ndiyo maana menyu hufungwa.

Sasa tazama kufuli lilivyoachia. Katika sehemu ya GRUB inayosoma jina la mtumiaji kuna kihesabu kinachokumbuka ni herufi ngapi zimeshaandikwa. Ukiandika herufi, kinaongezeka, ukifuta, kinapungua. Mabadiliko yaliyoingizwa Desemba 2009 yalikipunguza kihesabu bila kuuliza kwanza kama kuna herufi ya kufutwa. Kihesabu chenyewe ni cha namba zisizo na hasi. Sifuri ukiitoa moja, kinaruka hadi 4,294,967,295, kama mita ya gari la zamani iliyorudishwa nyuma kupita sifuri. Kwa kichakataji cha biti 32, kujumlisha namba hiyo kwenye anwani ya kumbukumbu ni sawa na kurudi nyuma baiti moja. Kila Backspace, basi, ilikuwa hatua moja ya kutoka nje ya eneo lililotengewa jina.

Ukibonyeza Enter, GRUB hufanya usafi: huandika sifuri kuanzia pale kihesabu kilipo hadi mwisho wa eneo la jina. Kihesabu kikiwa kimerudi nyuma baiti 28, usafi huo unafuta pia anwani ya kurudi, ile inayokiambia kichakataji kiendelee wapi kazi ikiisha. Anwani inakuwa sifuri, na kichakataji kinakwenda sifuri.

Kwenye mfumo endeshi wa kawaida programu ingekufa hapo hapo. Lakini GRUB hufanya kazi kabla ya mfumo endeshi, mahali pasipo na ulinzi wowote kati ya data na maelekezo: kila kipande cha kumbukumbu kinasomeka, kinaandikika na kinatekelezeka. Mwanzoni kabisa mwa kumbukumbu hukaa jedwali la BIOS la anwani za kukatiza kazi, baiti 1,024. Anwani hizo si maelekezo, ila kichakataji kilizitekeleza kana kwamba ndiyo. Katika majaribio ya watafiti, vurugu hizo ziliishia kwenye amri za dharura. Kutoka hapo walitumia amri ya write_word kufuta ndani ya kumbukumbu kile kipande kinachodai nywila, wakairudisha menyu, na mlango ukawa wazi.

Marekebisho yaliongeza sharti moja fupi katika sehemu mbili za programu: punguza kihesabu ikiwa tu kuna kitu cha kupunguza. Matoleo yote kuanzia 1.98 hadi 2.02 ya wakati ule yalikuwa yameathirika, yaani takriban miaka 6. Msimbo wa GRUB uko hadharani na mtu yeyote angeweza kuusoma muda wote huo. Hilo linanisumbua kuliko kasoro yenyewe.

Hata GRUB isiyo na kasoro hulinda menyu yake tu; diski hailindi. Anayeweza kukaa mbele ya mashine anaweza kuwasha kwa flashi, au kufungua skrubu na kuichomeka diski kwenye kompyuta nyingine. Kinachoyaficha mafaili hapo ni usimbaji fiche wa diski nzima, kwa mfano kwa LUKS, mfumo wa usimbaji unaotumika kwenye Linux. Aliyefika kwenye amri za dharura bado angeweza kuiharibu diski iliyosimbwa, lakini asingeisoma. Nakala rudufu, kwa hiyo, ni sehemu ya ulinzi huu.

Secure Boot ya UEFI, ambayo huhakiki saini ya kila programu ya uwashaji kabla ya kuiendesha, huziba tundu jingine: mtu kubadilisha GRUB yenyewe au kerneli. Nayo iliyumba Julai 2020, kampuni ya Eclypsium ilipotangaza udhaifu ulioitwa BootHole. Faili la mipangilio ya GRUB, grub.cfg, halikuwa na saini, na GRUB ililisoma vibaya kiasi kwamba maandishi marefu yalifurika kwenye kumbukumbu. Kwa kuwa GRUB yenyewe ilikuwa na saini halali, mshambuliaji mwenye mamlaka ya msimamizi angeweza kupitisha programu yake humo.

Kwa maabara ya shule au seva ya ofisi ningeanza na usimbaji fiche, nifuatishe nywila ya BIOS na kuzuia kuwasha kwa flashi, ndipo niende GRUB. Tengeneza nywila kwa grub-mkpasswd-pbkdf2, ili faili la mipangilio lisibebe nywila yenyewe, kisha andika superusers na password_pbkdf2 ndani ya /etc/grub.d/40_custom. Kabla ya kuendesha update-grub, ongeza --unrestricted kwenye vipengele vya kawaida vya menyu, vinginevyo GRUB itadai nywila hata kwa kuwasha tu, na seva iliyozimika umeme ulipokatika usiku itakusubiri hadi ufike asubuhi. LUKS nayo ina mtego huo huo: seva isiyo na mtu wa kuandika nywila yake itahitaji, kwa mfano, ufunguo unaolindwa na chipu ya usalama ya TPM. Halafu chagua herufi na tarakimu za kawaida tu, maana GRUB isipoelekezwa vinginevyo huisoma kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani, na alama uliyoizoea inaweza kuwa kwenye kitufe kingine.