Kufunga Cheni ya Bodaboda Turkana

Cheni ndiyo inayofikisha nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki. Katika Boxer na TVS za Lodwar na Kakuma, nguvu hiyo hutoka krenki hadi klachi kwa gia zilizofungiwa ndani ya injini, zikizunguka katika oili. Mchanga hauzifikii. Cheni iko nje, na lami ikishaachwa nyuma, hukokotwa katika vumbi na kwenye mchanga wa mto Tarach uliokauka. Kwa hiyo stadi za fundi wa Turkana hujaribiwa kwenye cheni.

Cheni hairefuki kwa kuvutika. Chembe za mchanga hupenya kati ya pini na bushi zikatafuna chuma, na umbali wa pini hadi pini, milimita 12.7 katika cheni mpya ya namba 428, huongezeka kidogo kwa kila kiungo. Cheni ya namna hiyo hupanda meno ya sproketi na kuyachonga mpaka yapinde kama ndoana. Fundi anayejiheshimu hafungi cheni mpya juu ya sproketi kuukuu, hata mteja akilalamikia bei.

Sproketi zikishakaa, ncha za cheni huunganishwa kwa kiungo chenye klipu juu ya sproketi ya nyuma, meno yakizishika. Upande wa klipu uliozibika hutangulia kule cheni inakokwenda. Ikigeuzwa, jiwe dogo tu laweza kuing'oa njiani.

Ugumu wenyewe uko kwenye kukaza. Anayejifunza hupenda cheni iliyonyooka kwa sababu inapendeza macho. Lakini abiria wawili na gunia wakishapanda, shokapu hubonyea, sproketi ya nyuma husogea mbali na ya mbele, na cheni isiyo na nafasi huumiza beringi. Basi gurudumu huzungushwa taratibu hadi papatikane mahali cheni inapokaza zaidi, na hapo ndipo huachwa mchezo wa sentimita 2 hadi 3. Alama za ekseli za kushoto na kulia sharti zilingane, gurudumu lisikae upande.

Oili chafu inayomwagwa kwa wingi hunasa mchanga. Afadhali cheni isuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa, itiwe oili kidogo, kisha ipanguswe. Cheni mpya hulegea mapema. Baada ya safari ya kwanza ya Lodwar hadi Kakuma, kilomita 120 hivi, mchezo hupimwa upya na nati za sproketi hukazwa.