Pete ya Kibuli iliharibikia kwenye bakuli la tindikali

Mliokuwepo karakanani pale Kibuli, Kampala, mliona wenyewe. Pete ya ua, enameli nyeusi na almasi, kazi ya zama za Malkia Victoria, nanga, alama ya ukaguzi wa dhahabu ya Birmingham, imegongwa wazi ndani ya mkanda, iliingia nzima ikatoka imeharibika. Kuikata upande wa chini, mbali na ua, kulikuwa sawa. Lehemu ilitembea vizuri, na almasi zilipakwa asidi ya boriki kabla ya moto. Hapo sina neno.

Kisha fundi akaishika kwa koleo, ingali ya moto, akaitumbukiza yote kwenye tindikali baridi. Haraka ya nini? Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya dhahabu kwa joto la nyuzi 800 hivi. Ukiipoza ghafla, dhahabu hunywea upesi, kioo hakiwezi kuifuata, kinapasuka. Petali mbili zilibanduka palepale. Ya tatu ikapata ufa mwembamba kama unywele, na tindikali ikapata pa kupenya. Weusi wa moto aliotaka kuuondoa ulikuwa chini ya mkanda tu! Angeiacha pete ipoe yenyewe mezani, akapitisha brashi yenye tindikali pale alipounga, basi.

Na enameli ile ndiyo pete yenyewe. Albert, mume wa Malkia Victoria, alipofariki 1861, malkia alivaa nyeusi hadi kifo chake 1901, na masonara wa Uingereza wakatengeneza kwa wingi pete za msiba kama hii, zenye enameli nyeusi. Almasi ikidondoka utatafuta nyingine; enameli ile ya zamani ikibanduka hutaipata tena.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa msaidizi wa sonara wa Kihindi hapa Kampala kabla ya Rais Idi Amin kuwafukuza Waasia 1972. Yeye alichomeka kichwa cha pete ndani ya kiazi kibichi, moto ukafanya kazi upande wa chini peke yake, kisha akasubiri. Mafundi wa leo hawasubiri.

Baadaye mapengo ya pete ile ya Kibuli yakazibwa kwa gundi nyeusi. Yaguse kwa ncha ya sindano: yanabonyea. Kurekebisha kwa haki ni kung'oa almasi zote, kukwangua enameli yote iliyobaki, kujaza unga mpya wa kioo na kuirudisha pete tanuruni.