Gia ya Kushukia

Mjomba wangu hakuwa na desturi ya kumuuliza mtu kama anajua kuendesha. Aliuliza kama anajua kushuka. Swali hilo nilikutana nalo nikiwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, sina shughuli. Nilimwomba anichukue utingo safari moja ya Lubumbashi, Kongo. Safari moja ikazaa tatu. Leo ugali wangu unatoka kwenye kalamu, lakini nikiulizwa ni wapi nilipoona ufundi kwa karibu, sitaji kiwanda wala darasa. Nataja kiti cha kushoto cha semi, dumu la maji katikati ya magoti yangu, na mkono wa mjomba juu ya gia.

Kukanyaga mafuta si ufundi. Kwenye barabara iliyonyooka hata mimi ningelipeleka lile lori, na siku moja, mjomba akiwa na homa, karibu anikubalie. Kazi iko kwenye kuzuia. Kichwa, tela na mzigo vikipimwa pamoja vinaweza kufika tani 56, ambacho ndicho kikomo cha juu cha sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016. Tani 56 zikishaanza kwenda zina matakwa yake, na hakuna hata moja kati ya matakwa hayo linalohusu kusimama.

Twende Kitonga. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Iringa mlima huo unaupanda, na kupanda ni mateso ya injini: inalia, inachemka, wewe unatoka jasho kwa kuihurumia. Ukirudi unaushuka, na mara nyingi unarudi na shaba. Shaba haina umbo la kutisha. Ni mabamba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, mafungu machache yaliyolala juu ya tela, na kwa mbali utadhani gari ni tupu. Safari ya kwanza nilimuuliza mjomba mbona tumeacha nafasi kubwa hivi. Alicheka mpaka akakohoa. Zile zilikuwa tani 30.

Kabla mteremko haujaanza alisimama pembeni, akashuka na nyundo yake ya mpini mfupi. Lori lile lilikuwa na tairi 22. Alizigonga moja moja, taratibu, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza mlango. Tairi iliyojaa hujibu kwa mlio mkavu na nyundo inarudi mkononi yenyewe. Iliyopungua hulia pu! na nyundo inabaki palepale. Kwa nini usitazame tu? Kwa sababu tairi za nyuma hukaa mbili mbili, na mgonjwa hujificha nyuma ya mwenzake: yule mzima anabeba wote wawili, jicho linaona sawa, mpaka anapopasuka kwa kuchoka. Nilipewa nyundo safari ya pili. Nilikosea tairi mbili. Hakunigombeza, alizigonga tena mbele yangu, akanitazama, akaenda zake.

Kisha akarudi kwenye kiti, akakaa kimya akiangalia mshale wa upepo upande mpaka mwisho wake. Breki za lori ni za upepo. Ukikanyaga, upepo uliobanwa kwenye mitungi husukuma lainingi zikabana dramu. Mtu mgeni akiona mteremko atakanyaga, ataachia, atakanyaga, ataachia, na kila akikanyaga anatumia upepo ambao kompresa haiwahi kuurudisha. Wakati huohuo dramu zinapata moto, zinatanuka, lainingi zinateleza juu yake badala ya kushika. Harufu yake ukiisikia mara moja huisahau, inakaa kooni. Madereva wanasema breki zimekufa, na neno hilo halina utani.

Kwa hiyo mteremko haushukwi kwa breki. Unashukwa kwa gia, na gia hiyo huchaguliwa kule juu, gari likiwa bado linakusikiliza. Ukishaanza kuporomoka ndipo ukumbuke kupunguza, unaweza kuitoa gia uliyo nayo na ile unayoitaka ikakataa kuingia. Hapo umebaki wewe, nyutro, na Kitonga. Mzee aliyemfundisha mjomba alimwachia kanuni moja: mlima ulioupandia gia fulani, ushukie gia hiyohiyo au iliyo chini yake, na usione haya. Breki ukaiguse kwa ncha ya kiatu, kidogo, kwa kuikumbusha tu kwamba upo.

Mzee huyo nilimsikia tu kwa hadithi. Alianza barabara ikiwa vumbi. Ian Smith alipojitangazia uhuru kule Rhodesia, Novemba 1965, mafuta ya Zambia yaliyokuwa yakipita kusini yakakatika, na Dar es Salaam ikawa ndiyo mlango. Malori yakaenda na mapipa, yakarudi na shaba, kwenye njia iliyokuwa tope masika na unga kiangazi, wazungu wakaipa jina la jehanamu. Bomba la mafuta likaja 1968. Lami ikafuata, na reli ya TAZARA ikaanza kazi rasmi 1976. Kila kimoja kilipokuja, alisimulia mjomba, mzee aliambiwa kazi yake imekwisha. Alistaafu kwa macho, si kwa kukosa mzigo.

Tulishuka Kitonga kwa mwendo ambao mbuzi angetupita. Kona zile upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni bonde, na nyuma yetu basi lilikuwa linapiga honi kama lenye mgonjwa. Mjomba hakujibu wala hakuharakisha. Injini ilikuwa inaguna kwa sauti moja tu, na nilikuja kuelewa kwamba sauti hiyo moja ndiyo aliyokuwa akiilinda: ikipanda, gari linamshinda, ikishuka, anachelewa bure. Tulipofika Ruaha Mbuyuni, kwenye joto na mibuyu na akina mama wenye vitunguu, alisimamisha gari akazunguka tena tairi zote. Safari hii hakugonga. Aliweka kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, kama mpishi wa chapati anavyopima chuma. Zote zilikuwa vuguvugu. Akanunua vitunguu.

Simu ikaita. Mwenye gari anauliza mbona tumekwama. Alikuwa na kifaa cha kufuatilia lori, na kwenye skrini yake sisi tulikuwa nukta isiyosogea. Nukta haina mteremko. Hapo ndipo ninapokuwa na neno na utaratibu mzima wa kazi hii: posho yetu ilihesabiwa kwa safari, si kwa siku, na mafuta yalipimwa kwa lita zilizokadiriwa na mtu aliyekaa ofisini. Basi kila kinachompa dereva pesa ya ziada ni kinyume cha ufundi wake. Kuna wanaoutelemka mlima kwa nyutro ili kuokoa dizeli, wakaiuze kwa madumu kandokando ya barabara. Siwatetei. Wanacheza na roho za watu wa chini ya mlima. Ila nimeona pia hesabu ya posho ya mtu mwenye watoto wanne, na najua hiyo nyutro haikuanzia kwenye mkono wake peke yake.

Mizani nayo ina kisa. Kati ya Vigwaza na Mpemba utapimwa mara kadhaa, na mizani haitazami uzito wote tu, inatazama na ekseli moja moja. Safari yetu ya tatu tulibeba kontena lililofungwa kwa sili; dereva haruhusiwi kulifungua, hajui ndani kuna nini zaidi ya karatasi inavyosema. Uzito wote ulikuwa halali. Lakini aliyepakia, ambaye simtaji, alikuwa ameurundika mzigo nyuma, ekseli za tela zikazidi. Faini ikaandikwa. Simu zikaenda kwa mwenye gari, kwa wakala, kwa mwenye mzigo, kila mmoja akimtupia mwenzake, na kwa siku mbili anayelala pale kwenye vumbi ni mjomba, aliyeadhibiwa kwa sanduku asilolifungua. Sikumwona akigomba. Alitandika turubai chini ya tela, akalala usingizi mzito kiasi cha kunikasirisha.

Baadaye niligundua kwamba usingizi nao ni sehemu ya kazi. Foleni ya mpakani inasogea saa isiyotangazwa, aghalabu usiku. Ukilala sana unapitwa, usipolala utaendesha kesho ukiwa mlevi bila kunywa. Mjomba alilala akiwa amefungua dirisha kwa upana wa vidole viwili, na injini ya gari la mbele ikiwaka tu alikuwa ameshika usukani. Tunduma, pa kuingilia Zambia, tulikaa siku nne; Kasumbalesa, pa kuingilia Kongo, sita. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, sisi tulipita kabla. Mei 2020 Zambia iliufunga mpaka huo kwa siku kadhaa kwa ajili ya korona, mjomba akiwa kwenye mstari, na anasema kilichomuuma si kusubiri. Ni kuona mama lishe aliyemzoea miaka yote akimwekea sahani chini, akarudi nyuma hatua tano.

Lakini foleni ina utamu wake na nisiufiche. Kila tela lina boksi la vyombo ubavuni. Linafunguliwa, jiko linawashwa, ugali unasongwa, na mtu wa gari la tatu analeta dagaa. Ukivuka Kasumbalesa Kiswahili kinageuka mdomoni mwa watu. Wanasema "batu" pale ninaposema watu, na mara ya kwanza nilidhani wananitania. Mjomba alikisema chao bila kusita. Alikuwa na Kibemba cha kuombea maji pia, na cha kutosha kumkasirisha fundi wa tairi.

Kwenye yadi ya Lubumbashi geti lilikuwa jembamba na lilitaka turudi kinyumenyume. Kurudisha tela nyuma ni kufikiri kwa kugeuza: usukani ukienda kulia, mkia unakwenda kushoto, na ukichelewa kuunyoosha, kichwa na tela vinakunjana kama kisu cha mfukoni. Dereva haoni upande mmoja kabisa. Anaona kwa mdomo wa utingo. Nilisimama nyuma nikipaza sauti, njoo, njoo, kata kushoto, njoo, na chuma chote kile kilikuwa kinakuja juu yangu kwa kuamini sauti ya kijana wa miaka 19 ambaye wiki mbili nyuma alikuwa hajui lainingi ni nini. Nguzo zilibaki na nafasi ya kiganja kila upande. Mjomba alishuka, akaitazama nafasi ile, akasema, "Dogo, sasa kalale." Sikuwahi kupewa cheti kikubwa kuliko hicho, na vyeti ninavyo.

Barabarani wana lugha yao, na ningependa wenye magari madogo waijifunze. Matawi ya miti yaliyotandazwa kwenye lami maana yake mbele kuna gari limeharibika, punguza mwendo sasa, si ukiliona. Usiku, lori linalokuja likiwasha indiketa ya kulia linakuonyesha ubavu wake unapoishia. Na lori unalolifuata likiwasha ya kulia linakuambia usipite, mbele kuna kitu. Likiwasha ya kushoto, njia ni nyeupe, pita. Mtu huyo hakujui, hakudai kitu, anakukopesha macho yake kwa sababu amekaa juu kuliko wewe.

Mjomba aliacha barabara mwaka juzi. Nyumbani kwake kulikuwa na kawaida kwamba siku akirudi jiko linajaa barabara nzima: mchele wa Usangu, viazi vya Makambako, vitunguu vya Mbuyuni. Siku hizi mkewe ananunua gengeni kama watu wengine, na analalamika kwamba vitunguu vya mjini havikai. Mjomba mwenyewe anakaa barazani. Wiki iliyopita nilimkuta ana nyundo ileile anagonga tairi za bajaji ya jirani, ambazo ni tatu tu, na anazirudia.

Mwezi uliopita niliendesha kwenda Iringa kwa gari langu dogo. Wakati wa kurudi, Kitonga, nililikuta lori la shaba mbele, likishuka kwa gia ya chini kabisa, na nyuma yangu kukawa na mkia wa magari na honi zisizoisha. Wewe unayesoma hapa huenda ulikuwa mmojawapo. Kama indiketa yake ya kushoto haijawaka, tafadhali, mwache ashuke.